Jibu: Kati ya hizo tatu, anza na Kendrick

Ndugu yangu, umeuliza bando lako dogo ulitumie kwa wimbo upi kati ya nyimbo za mwaka 2024 za wanamuziki wa Marekani Kendrick Lamar, Sabrina Carpenter na Tommy Richman. Mimi ningeanza na Kendrick.

"Not Like Us" yake ilitoka tarehe 4 Mei 2024. Jana nimepanda tuktuk kutoka sokoni Malindi hadi Maweni, dereva ameirudia mara tatu. Besi ilikuwa ikitikisa kioo cha pembeni, na yale makofi ya Mustard, mtayarishaji wa wimbo huo, yanaingia kwa mpigo ambao hata mama aliyekaa kando yangu na kikapu cha samaki alikuwa akiufuata kwa kidole. Wengine humu wanasema ni kumtukana rapa mwenzake Drake tu. Maneno ni makali kweli, na mbele ya wazazi siichezi. Lakini sisi wa Pwani kujibizana tunakujua: washairi Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana beti karne ya 19. Tunaangalia nani kalenga na nani kapwaya, na hapa Kendrick kalenga.

"Espresso" ya Sabrina ni nyepesi, tamu, haifiki dakika tatu. Ya jioni ufukweni.

"Million Dollar Baby" ya Tommy naipenda kwa ile sauti yake nyembamba ya juu, ila kwenye spika ya simu maneno yanazama chini ya besi. Isikilize kwa hedifoni kwanza, ndipo uamue.