Ndiyo, nimeokota makopo, na sio kwa msemo

Mbukwenyi wote. Nimesikiliza voisi zote za jana kwenye grupu la familia, hadi ile ya mjomba ya dakika sita, nilikuwa kwenye treni natoka kazini nikazisikiliza moja baada ya nyingine mpaka nikapitiliza kituo. Naandika kwa sababu nikiongea nitalia au nitatukana, na kutukana wakubwa sikufundishwa.

Mdogo wangu hajaniudhi. Yeye kauliza kama anavyouliza mtu aliyemaliza kidato cha sita, kachaguliwa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na anaona Chimwaga kiliko chuo ni palepale tu, ukitoka Hombolo asubuhi mchana umesharudi. Kwamba "dada yuko Berlin anajaribu vitu vipya kila siku, mi Dodoma nitajaribu nini, vumbi?" Hilo nalielewa, mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye. Kilichoniudhi ni mjomba kudakia kwamba Ulaya pesa zimelala barabarani ni wewe tu kuinama, eti mwangalieni dada yenu kwenye stetasi anavyokula bata, basi baba auze na shamba la zabibu dogo naye aende. Halafu nikamsikia baba anaguna. Ule mguno naujua, ndo mguno uliouza kiwanja cha Mtumba.

Mjomba shikamoo. Umesema kweli kuliko unavyojua. Pesa zimelala barabarani na mimi nimeinama nikaziokota, ngoja nikueleze zinafananaje.

Hapa ukinunua maji au soda ya chupa ya plastiki, au ya kopo, unalipa senti 25 juu ya bei, ukirudisha tupu unarudishiwa. Ni kama mia saba ya nyumbani. Chupa ya kioo ya bia ni senti 8. Sasa watu wengine wakimaliza kunywa hawahangaiki nayo, wanaiweka chini pembeni ya pipa la taka, makusudi kabisa, ili mwenye shida akipita asilazimike kuingiza mkono kwenye uchafu. Utaratibu mzuri sana huo ukiusikia kwa mbali. Mwenye shida ndo nilikuwa mimi.

Na pesa nilikuwa nayo! Hapo ndo hamjawahi kunielewa na mimi sikuwahi kuwaeleza vizuri. Kweli ada hamna kwenye vyuo vya umma vya Berlin, unalipa mchango wa muhula tu, ndo maana mkadhani ni bure. Lakini ili upate viza inabidi uonyeshe pesa ya kula ya mwaka mzima, nilipokuja mwezi wa nne 2025 ilikuwa euro 11,904, zaidi ya milioni 30 zetu, yaani kiwanja cha Mtumba pamoja na michango yenu. Zinafungiwa kwenye akaunti maalumu halafu unaachiwa 992 kila mwezi. Ili waanze kuziachia wanataka akaunti ya benki ya kawaida, benki niliyoiendea ikataka karatasi ya kuandikishwa makazi, na karatasi hiyo huipati mpaka mwenye nyumba asaini kwamba unakaa kwake. Na yule aliyenipangisha chumba alikuwa anakipangisha kinyemela, hasaini kitu. Sheria inasema ujiandikishe ndani ya siku 14, mi siku 14 zinapita naangalia tu. Nikakaa miezi miwili kasoro nina milioni 30 benki na mfukoni sina hela ya mkate.

Nyumbani mtu akichanganyikiwa tunasema huyu kaanza kuokota makopo. Nilikuwa nauwaza huo msemo kila nikiinama.

Siku ya kwanza ilikuwa Tempelhofer Feld. Ni uwanja wa ndege wa zamani, waliufunga 2008, sasa hivi watu wanaendesha baiskeli palepale ndege zilipokuwa zinatua, wanachoma nyama, wanaota jua kama mijusi. Wenzangu wa kozi ya Kijerumani wakaniita, njoo ujaribu, hujawahi kukaa kwenye ranwei. Nikakaa. Tukapiga picha, ile mliyoiona ninacheka nimelala kwenye majani. Nilikuwa nacheka huku nahesabu chupa zao kwa macho. Zilikuwa kumi na moja. Tulivyoagana nikasema naenda chooni, nikazunguka nikasubiri wapotee, nikarudi na mfuko.

Kumbe pale kuna mwenyewe. Mzee Mjerumani, umri wa babu, ana tochi kichwani na glavu za bustani. Nikajua ananifukuza. Akachungulia mfuko wangu, akatoa zile za kioo moja moja, akapima uzito wake mkononi, akatikisa kichwa, akanionyesha vidole vinane. Yaani unabeba mzigo kwa senti nane, mjinga wewe. Akaziweka kwenye kitoroli chake, akanipa za plastiki mbili za kwake, akaondoka. Huyo ndo mwalimu wangu wa kwanza Ulaya, na jina lake silijui.

Zinarudishwa supamaketi, kwenye mashine. Ina tundu la duara, unaingiza chupa, inaizungusha, inasoma ile mistari, ikikubali inaivuta ndani, ikikataa inakutemea kama mtoto anavyotema dawa. Iliyobonyea inaikataa kwa sababu haisomeki. Basi unaweka mdomo unaipuliza ijae irudi umbo lake. Chupa ya mtu simjui, kanywa huko nyasini simjui ana ugonjwa gani, iko mdomoni kwangu napuliza. Hicho ndo kitu kipya nilichojaribu Berlin mdogo wangu, andika namba moja.

Siku moja niko hapo napuliza, nageuka, nyuma yangu kwenye foleni yuko dada wa kozi yetu. Akaniuliza mlikuwa na sherehe? Nikasema ndiyo, bethidei ya rafiki. Akasema ooh, mlikunywa sana! Tukacheka wote. Chupa 27, risiti ya euro 6 na senti 75, nikaishika mpaka ikalowa jasho.

Na unajua niliifanyia nini hiyo hela? Sikununua chakula. Kesho yake nikaenda makumbusho kumwona mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, ile mifupa iliyochimbwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, watu wetu wakaibeba kichwani mpaka pwani ikapakiwa melini. Amesimama pale zaidi ya mita 13 kwenda juu, nikamwambia wewe mwenzangu hata karatasi ya makazi hawakukudai, wamekupa chumba kabisa chenye paa la vioo. Nikapiga picha. Ndo ile shangazi aliandika "binti yetu anatuwakilisha" na mjomba akaweka vikopa. Ile picha imelipiwa na makopo, na mchana ule nilikula ndizi moja. Ujinga? Ndiyo. Ningerudia? Hata leo.

Kwa hiyo dogo, usije. Sikiliza, usije kwa hela ya shamba. Mizabibu inakaa miaka ikizaa, mimi kiwanja kimeshaliwa na juzi mama kanitumia picha kina msingi wa nyumba ya mtu, sikulala. Mkiuza na zabibu sote wawili tutakuwa tunadaiwa na ardhi, na deni la ardhi hata ukituma laki mbili kila mwezi haliishi. Na laki mbili yenyewe ninayotuma natoa kwenye kuosha vyombo mgahawani, sheria inaniruhusu siku 140 nzima nzima tu kwa mwaka, au 280 za nusu, boksi nalo nilishabeba likaniuma mgongo nikaacha.

Nenda UDOM. Kula bumu lako, jaribu mambo hapo hapo, unadhani Dodoma unaijua kwa sababu unaijua stendi na soko la Majengo. Jiunge na kwaya, jifunze kompyuta sio kucheza magemu, panda treni ya SGR nenda Dar ukaone bahari urudi, mi nimeona ziwa la Berlin kabla ya Bahari ya Hindi na naona aibu. Ukimaliza digrii hiyo omba ufadhili wa DAAD, lile shirika la Ujerumani linalosomesha wanafunzi wa nje, ukija kwa mlango huo njoo hata kesho, nitakupokea na koti.

Tena ngoja niseme kweli yote, maana nikiishia hapo nitakuwa mwongo kama stetasi yangu. Nimejifunza kuogelea. Mimi, mtoto wa Hombolo, niliyekua naangalia bwawa kwa mbali kwa sababu mama alitutisha na kichocho. Mwezi wa tano wakanitosa ziwani, maji baridi kama ya friji, nilipiga kelele hadi mbwa wakabweka, na mwezi wa nane nilikuwa navuka. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, unatoka darasani ni usiku, unaweza kulia bila sababu, ila kuna utulivu fulani wa theluji ikianguka ambao sijui niwaelezeje, ni kama Hombolo saa kumi alfajiri mvua ya kwanza ikishapiga vumbi. Mimi siwezi kusema nimejuta. Ndo maana sitaki unisikilize sana, mtu aliyeshapata hana haki ya kumkataza mwingine. Lakini shamba msiuze. Baba, msiuze.

Karatasi nilipata, mwezi wa sita, baada ya kuhamia chumba kingine. Ile 992 ilivyoingia nilienda Tempelhofer na chupa sita za maji, nikanywa moja, tano nikazipanga pembeni ya pipa zikiwa tupu bila kubonyea. Yule mzee sikumwona.

Mjomba usinune, tutaongea Jumapili. Dogo, glavu nilizonazo ni nzima bado. Na hii mkimsomea mama rukeni ya makopo, ataelewa vingine atafunga na kusali wiki nzima. Mwambieni tu mjusi ni mkubwa kweli.