Muvi ya kuangalia na dada aliyefiwa na mumewe
Pole kwanza, wewe na dada yako. Umeuliza kama ni sawa kumwekea muvi ya mtu aliyefiwa na mwenzie wakati yeye mwenyewe ana miezi minne tu tangu amzike mumewe. Mi naona sawa ila usimshtukize, mwambie kabisa inahusu nini na mume anakufaje, maana kama shemeji aliondoka kwa ajali halafu ukamwekea Three Colours: Blue ya 1993 utakuwa umemtonesha kidonda, ile inaanza na ajali ya gari, Juliette Binoche anapoteza mume na mtoto kwa mpigo. Muvi kali sana lakini nzito, iache kwanza.

Ningekuwa mimi ningeanza na Truly, Madly, Deeply ya 1990, yule Nina, ndiye aliyefiwa na mpenzi wake, analia mpaka kamasi zinamtoka, kilio chenyewe hata hakifanani na kuigiza, halafu mwenzie (Alan Rickman huyo) anarudi kama mzimu, anajaza nyumba wafu wenzake wanakaa kuangalia video mpaka wanamkera, kwa hiyo na kucheka kupo. P.S. I Love You mi siipendi kivile, zile barua marehemu mume alizomwachia mkewe zimepangwa mno.

Msiangalie usiku sana, na rimoti ashike yeye, akisema zima we zima usiulize. Akianza kuhadithia habari za mumewe katikati, simamisha muvi umsikilize, hata msipoimalizia poa tu.