Kabla hujamwambia mwanao maana ya jina Meyer

Kila nikipiga simu kwa daktari wa watoto hapa Bielefeld, Ujerumani, mazungumzo huanza vilevile. Nasema naitwa Meyer. Upande wa pili wananiuliza: kwa a au kwa e? Kwa i au kwa ipsilon? Miaka kumi na moja sasa najibu bila kufikiri, "e, ipsilon, e, r" (ipsilon ni y ya Wajerumani), kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Jina hili nililipata kwa ndoa. Mimi ni mtoto wa Lushoto, na kwetu nyumbani jina la tatu ni la babu, likifika kwa mjukuu limeshabadilika. Sikuwahi kujiuliza Meyer imetoka wapi mpaka kijana wangu, akiwa darasa la tatu, alipopewa kazi ya nyumbani ya kueleza jina la ukoo wake.

Nilimjibu kwa dakika mbili. Nilifungua kamusi kwenye simu, nikasoma, nikamwambia aandike: "Meyer ni msimamizi wa shamba." Mwalimu akampa alama nzuri. Ilinichukua karibu miaka miwili kutambua kwamba nilimpa maana ya neno, habari za ukoo wake sikumpa hata moja. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu walioolewa au kuoa huku, na walio nyumbani wenye babu Mjerumani, kwa sababu wengi nawaona wanaanzia palepale nilipokosea mimi.

Neno lenyewe ni tamu, na Mswahili tayari analijua nusu. Asili yake ni Kilatini, "maior", yaani mkubwa zaidi. Wafalme wa Wafranki walikuwa na "maior domus", mkubwa wa nyumba ya mfalme. Kutoka hapo Wafaransa wakapata "maire", Waingereza wakapata "mayor", nasi tukapata meya wa jiji. Meja wa jeshini naye amechotwa kisima hichohicho. Wajerumani wakasema "meier".

Katika zama za kati, mwenye ardhi, awe kabaila au nyumba ya watawa, mara nyingi hakukaa shambani. Alimweka mtu kwenye nyumba kubwa ya shamba akusanye fungu la mavuno ya wakulima, asimamie siku za kazi walizodaiwa, na aamue kesi zao ndogondogo. Huyo ndiye meier. Nilipomsimulia baba kwa simu, yeye aliyezaliwa kambi ya mkonge kule Korogwe hakuhitaji maelezo zaidi. "Huyo mnyapara," akasema. Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Mnyapara mwenye nyumba nzuri." Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo. Ila cheo hakikusimama mahali pamoja. Kadiri karne zilivyopita, hasa huku kaskazini-magharibi, meier aliacha kuwa mtumishi wa bwana, akawa mkulima anayeshika shamba kubwa kwa mkataba na kulirithisha kwa watoto. Hapa jirani, Enger karibu na Herford, walikuwepo hata meier wa heshima ya pekee walioitwa Sattelmeier, meier wa tandiko, ambao kwa mapokeo ya watu wa huku walipaswa kumtolea bwana wao farasi aliyekwisha kutandikwa. Mmoja wao alipokufa, farasi mwenye tandiko, asiye na mpandaji, alifuata nyuma ya jeneza.

Sasa ukiona jina linabeba vyeo vyote hivyo, utaelewa kwa nini kamusi peke yake haitoshi. Anza na tahajia. Meyer ya ipsilon ina nguvu kaskazini, Niedersachsen na huku kwetu Westfalen. Maier ni la kusini, Baden-Württemberg hasa. Mayer na Mayr yanaelekea Bavaria na Austria, Mair utalikuta Tirol. Mwenye Mayr akianza kutafuta Hannover, huku kaskazini, anatwanga maji kwenye kinu. Lakini tahajia nayo usiifanye msahafu. Ofisi za serikali za kusajili vizazi, ndoa na vifo zilianza Oktoba 1874 katika Prussia, na Januari 1876 katika dola zima la Ujerumani. Kabla ya hapo, kwa kawaida aliyeandika ni mchungaji au padri, na aliandika alivyosikia. Kwenye karatasi za mume wangu baba ni Meier, mwanawe ni Meyer, na yupo mmoja aliyewekewa vidoti viwili juu ya ipsilon. Ni watu wa nyumba moja.

Kwa ueneaji, ipo kamusi ya kidijitali ya majina ya ukoo ya Ujerumani inayotengenezwa Mainz, nayo ni bure na ina ramani. Zisome ramani zake ukijua kitu kimoja: zimetokana na laini za simu za mezani za mwaka 2005. Laini moja ni kaya, si mtu mmoja. Ukiandika kwamba Ujerumani ina watu kadhaa wenye jina lako kwa kuhesabu laini, umepunguza watoto, wake na wazee wote wa nyumba. Kinachofaa pale ni kuona jina limesongamana wapi.

Kwa wingi, Müller, yaani msaga nafaka, ndilo la kwanza nchi nzima, na Schmidt, mhunzi, hufuata. Meyer peke yake limo ndani ya kumi la juu, na ukijumlisha Meier, Maier, Mayer na wenzake linapanda karibu na kilele. Haishangazi. Mahali pengi palikuwa na kinu, mhunzi na shamba kubwa, na kila mmoja wa watu hao aliacha watoto wenye jina la kazi yake. Wakazidi kuwa wengi hadi jirani akawa hajui anamwita nani, ndipo wakaongezewa alama: Obermeier ni yule wa juu, Niedermeier ni wa chini, Niemeyer ni meier mpya kwa Kijerumani cha kaskazini. Hilo la mwisho lilivuka bahari mpaka Brazili kwa mchora majengo Oscar Niemeyer. Wengi wetu tulilisikia jingine Novemba 2023, pale Rais Frank-Walter Steinmeier alipokwenda Songea kuomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji. "Stein" ni jiwe, kwa hiyo ni meier wa penye mawe. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Detmold, si mbali na ninapoishi. Kama jina lako lina kipande cha mbele namna hiyo, shukuru, maana linakuonyesha njia. Meyer tupu halikuonyeshi kitu.

Ndiyo maana kijana wangu alipokuja mbio na kitabu cha Kilimanjaro akiuliza kama Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, ni babu yetu, ilibidi nimwambie hapana. Huyo alizaliwa Hildburghausen, Thüringen, katika ukoo wa wachapishaji wa vitabu ambao asili yao ni Gotha. Kufanana jina la kazi hakuna undugu ndani yake. Nilimwona anavyofunga kitabu polepole, nikaumia kidogo.

Lipo jambo jingine ambalo usiliruke. Meyer lina mlango wa pili. Kwa Kiebrania "Meir" ni atoaye nuru, jina la kale la wanaume wa Kiyahudi. Serikali zilipowalazimisha Wayahudi kuchukua majina ya ukoo ya kudumu, Austria mwaka 1787 na Prussia mwaka 1812, baadhi yao waliandikishwa kwa jina hilo likiwa na sura ya Kijerumani. Familia mbili za Meyer mtaa mmoja zinaweza kuwa na asili mbili zisizokutana popote, na ramani haitakutenganishia.

Mama mkwe wangu alinielewesha hili kwa namna ambayo sitaisahau. Nilipomwomba karatasi za zamani, alifungua droo ya chini ya kabati, akanipa kijitabu chembamba chenye jedwali la wazazi, babu na bibi, kila mstari umegongwa muhuri wa parokia. Nikafurahi, nikaona kazi imekwisha. Yeye hakufurahi. Kijitabu kile kinaitwa "Ahnenpass", na familia nyingi za Kijerumani bado wanacho. Utawala wa Wanazi uliwataka watu wathibitishe kwamba hawana mzazi wala babu Myahudi, na tarehe zile nadhifu zilikusanywa kwa hofu hiyo. "Baba yangu alikijaza usiku mmoja," akaniambia, "na mtu wa nyumba ya pili hakuweza kukijaza." Kitumie, maana majina na parokia zilizomo ni msaada mkubwa. Lakini muulize mkwe wako kwa adabu, umkalishe, na usikirushe picha kwenye kundi la familia kabla hujajua umeshika nini.

Na usinunue ngao, ile nembo ya ukoo. Mimi nilinunua. Duka moja la mtandaoni liliniuzia "ngao ya ukoo wa Meyer" kwa yuro 89, simba mwekundu na shada la ngano, ndani ya fremu ya mbao. Niliitundika sebuleni wiki tatu. Ngao ni ya familia fulani iliyojulikana na kizazi chake, haiwi ya kila mwenye jina. Kwa jina kama Meyer hakuna ngao moja, na haiwezi kuwepo. Fedha ile ingenilipia miezi kadhaa ya Archion, tovuti ambapo vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti vimewekwa kwa picha. Wakatoliki wana Matricula, na ile ni bure.

Kitabu cha kanisa ndicho kilichonitoa gizani. Ukitaka kukisoma jifunze kwanza mwandiko wa zamani, Kurrent, walau mwezi mmoja. Herufi e ndani yake inafanana na n ya leo, kwa hiyo mara ya kwanza nilipoliona jina letu nilisoma "Mnynr" nikafungua ukurasa mwingine. Nilimpita babu wa mume wangu mara tatu. Mzee mmoja wa chama cha wapenda nasaba ndiye aliyeketi nami, akaweka kidole chini ya mstari wa ndoa ya mwaka 1781 na kunisomea neno kwa neno. Bwana harusi alikuwa na jina jingine kabisa, mwana wa mkulima mwenye kibanda na kipande cha ardhi. Baada ya jina lake likafuata neno "genannt", yaani aitwaye, na baada ya neno hilo, Meyer.

Mzee akaegemea kiti, akatabasamu. Kumbe katika Westfalen ya wakati ule jina lilifuata shamba. Mwanamume akioa binti mrithi wa shamba la Meyer na kuhamia pale, anakuwa Meyer, na watoto wake ni Meyer. Huko kwake alikotoka jina lake la kuzaliwa linabaki na kaka yake. Kwa hiyo babu yule hakuwa mnyapara wala mwana wa mnyapara. Aliingia kwa mlango wa ndoa. Ukiona "genannt", au "modo" na "vulgo" za Kilatini zinazofanya kazi hiyohiyo, katika kitabu cha zamani, simama hapo, usigeuze ukurasa. Na kama ukoo unaoutafuta ni wa Friesland ya Mashariki, jua kwamba kule wengi walikuwa wakitumia jina la baba kama sisi tu, likibadilika kila kizazi, hadi amri ya Napoleon ya mwaka 1811 ilipoanza kulifunga.

Kwa wanaofunga ndoa sasa nitasema hili kwa ufupi: tangu tarehe 1 Mei 2025 sheria ya Ujerumani inawaruhusu mume na mke wote wawili kubeba majina yao mawili pamoja, na watoto vilevile. Wakati wangu haikuwa hivyo. Kaeni mlizungumze kabla ya kwenda ofisi ya msajili.

Masika iliyopita tulikwenda wote kuliona shamba. Wenyeji wa sasa si ndugu zetu, walitukaribisha kahawa na keki ya tufaha. Nyumba ni ya nguzo za mwaloni zilizojazwa matofali, na juu ya mlango mkubwa wa kupitishia mkokoteni kuna boriti iliyochongwa maandishi, kama ilivyo desturi ya nyumba za wakulima huku. Mwaka ni 1784. Upande wa kushoto lipo jina la yule bwana. Upande wa kulia lipo la mkewe, na mwishoni mwake limeandikwa Meyerin, maana zamani jina la ukoo la mwanamke liliongezewa "in".

Mume wangu akambeba kijana wetu mabegani. Kijana akapitisha kidole ndani ya kila herufi, m, e, y, e, r, akafika kwenye mbili za mwisho akasimama.

"Huyu ndiye Meyer mwenyewe?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nikamwambia ndiye. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akasema, "Basi babu alilipata kama wewe, mama." Akaomba penseli.