Maji ya betri na makumbi ya nazi

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa betri za gari na za sola, banda langu liko Fuoni. Maji ninayooshea betri, pamoja na asidi inayomwagika, huwa nayatia kwenye shimo nyuma ya banda. Jirani ana kisima na sasa analalamika. Kijana mmoja anayesoma chuo ameniambia unga wa makumbi ya nazi unavuta risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, kwenye maji. Ni kweli? Na nikishachuja, maji naweza kumwagia migomba na makumbi nikayachoma moto?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Kijana hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye kazi. Kabla ya yote, shimo hilo liache leo. Chini ya sehemu kubwa ya Unguja kuna mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango, na maji huteremka humo bila kuchujwa vya kutosha. Jirani yako ana haki ya kulalamika.

Kumbi la nazi lina lignini nyingi (kitu kinachoupa mti ugumu), na pamoja nayo tanini (inayotoa rangi ya chai) na asidi nyingine za mimea. Vitu hivi vina sehemu zinazoshikilia hidrojeni, kalsiamu au potasiamu. Risasi iliyoyeyuka majini ikifika hapo, inaing'oa hidrojeni au kalsiamu na kukaa mahali pake. Maganda ya ndizi na hata mwani hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Maabara zinazopima unga wa makumbi hupata kwamba gramu moja inaweza kushika risasi miligramu 10 hadi 50 hivi, kutegemea ulivyoandaliwa. Hiyo ni hali ya maabara, kwa maji yenye risasi nyingi. Risasi ikiwa kidogo majini, gramu hiyohiyo hushika pungufu sana.

Kikwazo chako ni asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali; 7 ni katikati. Maji ya betri yana pH ya chini ya 1, maana yake hidrojeni imejaa tele, na hiyo ndiyo inayogombea nafasi na risasi. Ukiyamimina moja kwa moja kwenye makumbi, hidrojeni itazichukua nafasi karibu zote na risasi itapita zake. Makumbi nayo yatakuwa meusi na maji yatatoka na rangi ya chai. Kazi nzuri ya makumbi hupatikana pH ikiwa baina ya 5 na 6.

Kwa hiyo kinachotangulia ni chokaa, tena chokaa iliyozimwa, ile ya kujengea. Lita moja ya asidi kamili ya betri ina asidi ya salfa gramu 400 hadi 480 hivi, na kuiua, yaani kuuondoa ukali wake, kunahitaji chokaa zaidi ya gramu 300. Maji yako ya kuoshea ni mepesi kuliko hivyo, lakini usikisie. Nunua karatasi za kupimia pH zinazoanzia 1 hadi 14, kama zinazotumika maabara za skuli. Zile za mabwawa ya kuogelea hazitakufaa, kwa sababu nyingi zinaanzia 6 na kuishia 8 na kitu. Tumia pipa la plastiki, usitumie la bati. Tia maji kwanza, kisha asidi juu yake taratibu. Ukifanya kinyume chake itaruka usoni. Halafu koroga chokaa kidogo kidogo kwa ubao. Pipa litapata moto, na hilo ni la kawaida. Vaa miwani na glavu za mpira, na watoto wasiwepo.

Simama pH ikifika 9. Ukipitisha sana, kwenye 12 kwa mfano, risasi iliyokwisha kuganda huanza kuyeyuka tena. Acha pipa litulie usiku mzima. Asubuhi utaona tope jeupe chini: sehemu kubwa ni jasi, na risasi karibu yote imo humo. Yachote maji ya juu polepole, yapitishe kwenye kitambaa kizito cha pamba, uyatie pipa jingine. Usishushe pH kabla hujayatenga na tope, la sivyo utairudisha risasi majini.

Hapo ndipo zamu ya makumbi inapofika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, na chokaa peke yake ni vigumu kukufikisha karibu na hapo, hata maji yakionekana safi kabisa. Kinachosalia ndicho makumbi yanachokifuata.

Ningekushauri utafute makumbi yaliyokwisha kufukiwa ufukweni na kutwangwa kwa ajili ya usumba. Akina mama wanaosokota kamba huko mashamba hubaki na vumbi lake, na kwa kuwa limekaa matopeni miezi, tanini nyingi imeshatoka. Lisuuze kwa maji baridi mpaka chumvi iishe. Ukitumia makumbi mapya, yachemshe na kubadilisha maji mpaka rangi ipungue, kisha yaanike. Chembe ziwe za ukubwa wa chenga za mchele, kwani unga laini sana huziba.

Shusha pH ya maji yako mpaka 5 na nusu hivi kwa matone ya asidi mpya iliyozimuliwa. Usitumie ndimu! Asidi ya ndimu huikumbatia risasi majini na kuizuia isishikwe na makumbi. Kisha tia gramu 5 za makumbi kwa kila lita, yaani gramu 100 kwa ndoo ya lita 20. Koroga mara kwa mara kwa saa mbili, uchuje. Kwa kuwa huna chombo cha kupimia risasi, makumbi yaliyotumika mara moja usiyarudie.

Migomba, hapana. Maji hayo yarudishe kuoshea betri nyingine. Ni matumizi mazuri na hayatoki bandani. Kuyachoma makumbi, hapana kabisa: risasi haiungui, itapanda na moshi na iliyobaki itakuwa kwenye majivu. Makumbi hayaiui risasi, yanaihamisha tu kutoka majini. Yaweke pamoja na lile tope kwenye pipa lenye kifuniko, uandike juu yake ni nini, na uwaulize ZEMA (Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar) wapi yapelekwe.

Kwa upande wangu, ningepunguza maji machafu kabla ya kuanza kuyasafisha. Betri iliyokufa usiimwage asidi. Iuze na asidi yake kwa mnunuzi mwenye kibali. Pale unapolazimika kuifungua, fanyia kazi ndani ya beseni la plastiki.

Kuhusu kisima: mwambie jirani asikitumie kwa kunywa wala kupikia mpaka kipimwe. Kuchemsha hakuondoi risasi. Peleka sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ueleze wazi kwamba unataka kipimo cha risasi, maana kipimo cha kawaida cha vijidudu na chumvi hakitaionesha. Kama watoto wa nyumba hiyo wamekuwa wakinywa maji hayo, daktari aambiwe, naye aulizwe kuhusu kupima risasi katika damu yao. Gharama, kwa maoni yangu, uibebe wewe.