Kiswahili na Kingereza vinatosha kuwa meneja wa kesi za wakimbizi Marekani?
Dogo wa Ngamiani, lugha mbili ni mlango tu. Wateja wengi wa Kiswahili kule ni Wakongo waliopitia makambi kama Nyarugusu, wanaongea tofauti na sie watu wa Tanga kwahiyo zoesha masikio mapema. Kazi yenyewe ni kumsaidia mkimbizi aliyefika aanze maisha, na ni makaratasi matupu, kadi ya Social Security (ile ya namba yake ya serikali), watoto shule, kliniki, nyumba, na kila simu uliyopiga unaiandika kwenye faili (hapo ndo wengi wanachoka). Mkimbizi akimaliza mwaka 1 anaomba green card (kibali cha kuishi kule moja kwa moja), ila we kama si wakili wala hujaidhinishwa usimpe ushauri wa sheria hata akulilie vipi. Na tangu Januari 2025 Marekani wamesitisha kupokea wakimbizi walio wengi, ajira zimebana kweli.