Jibu: Tangazo la Baba Krismasi redioni

Salamu ndugu. Umeuliza kama duka lenu la Malindi liuondoe kwenye tangazo la redio la sekunde 30 ule mstari "Wazazi, Baba Krismasi ni mfuko wenu". Uondoeni.

Angalia kwanza saa. Kanuni za utangazaji Kenya zinachunga masikio ya watoto kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Lakini baada ya saa 4 duka limefungwa na mnunuzi wenu amelala, kwa hivyo kusogeza saa hakusaidii. Badilisheni maneno. Redio haikunjwi kama gazeti: mtoto wa miaka 5 ndani ya tuktuk anasikia kila neno, na swali lake linamwangukia mama aliyempakata. Mwaka 2011, tangazo la Littlewoods, kampuni ya rejareja, kwenye televisheni ya Uingereza lilikuwa na watoto wakiimba kwamba zawadi zote kanunua mama, na wazazi wengi wakalalamika.

Andika tu "Zawadi za Krismasi zimefika", kisha bei. Usitaje anayezileta. Sentensi ya hivyo haimdanganyi mtoto wala haimfichulii kitu, na majirani wasiosherehekea, ambao hapa ni wengi, hawabebeshwi maelezo.

Kosa baya zaidi ni kinyume chake: Baba Krismasi mwenyewe kusema "Mwambie mama akununulie". Hapo imani ya mtoto imegeuzwa fimbo ya kumchapia mzazi. Kanuni za Uingereza zinakataza kabisa tangazo kumhimiza mtoto ambembeleze mzazi anunue. Mkiweka sauti ya Baba Krismasi, acheke na kutakia heri; bei isomwe na mtu mwingine.