Picha ya Mchuchumio Wangu

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwenzangu katika kundi letu la wapenda viatu vya mchuchumio, yaani vya kisigino kirefu, alisambaza picha ya miguu yangu, aliyonipiga harusini bila kuniuliza. Je, nimekosea kukasirika? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea, kwani kiatu husifiwa na wote lakini mguu una mwenyewe, naye apigaye picha huomba ruhusa kwanza. Mwambie faraghani aifute. Mnayo mengine ya kuzungumza: wapanda farasi wa Uajemi walivaa visigino ili mguu ukamate kikuku, yaani pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko, na Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alivipenda vyekundu. Elekezaneni pia fundi hodari, maana mpira wa kisigino chembamba ukilika, msumari hutokeza na kukwaruza sakafu za wenyeji wenu.